Taa za Krismasi Nairobi: picha haingoji Isha

Kila Disemba jamaa zetu walioko Nairobi hututumia picha za nyumba zilizopambwa taa. Nyingi hazitazamiki. Nyumba yenyewe haionekani, kuna madoa meupe tu yanayoelea kizani. Mwenyewe hulaumu simu, na aghalabu simu haina kosa. Kosa ni la saa aliyotoka kupiga.

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la Disemba huzama kwa mshazari na mwanga wa machweo hukawia. London huweza kufika dakika 40 kabla kiza hakijaingia sawasawa. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa Ikweta. Jua hushuka karibu wima, na mwanga huo hudumu dakika 20 na ushei. Mwishoni mwa Disemba jua la Nairobi hutua kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Basi kwa sisi tuliolelewa na adhana hesabu ni nyepesi: ikiadhiniwa Magharibi taa ziwe zimeshawashwa, ngoja dakika kumi, kisha piga. Ikifika saa moja kasoro dakika tano, shughuli imekwisha. Anayengoja Isha ili "taa zing'are vizuri" amechelewa.

Sababu ni kwamba wakati ule anga bado lina samawati, na paa, kuta na miti vingali vinaonekana. Mwanga wa anga na mwanga wa taa unakaribiana, na kamera inavipokea vyote viwili. Kiza kikishatanda, kamera hujitahidi kukimulika, na kwa kufanya hivyo huziunguza taa zikawa nyeupe tupu, nyekundu na kijani zikapotea. Ukiwa na simu ya kawaida, zima flashi, gusa taa yenyewe kwenye skrini, kisha shusha mwangaza mpaka rangi irudi. Egemeza simu ukutani au juu ya kiti, maana mkono hautulii. Na kama mvua za vuli zimetoka kunyesha, usinune: kabro iliyolowa huakisi taa ikawa kama umetundika maradufu.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wapiga video: mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha. Umeme wetu ni wa hertz 50, na taa za bei rahisi huzimika na kuwaka mara nyingi kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu ikikuruhusu kuchagua kasi, weka 1/50 ya sekunde, na mara nyingi mistari hupungua au huondoka kabisa.

Tukija kwenye kutundika, Mswahili si mgeni. Nyumba ya harusi huvikwa taa kuanzia darini hadi chini, na mtaa mzima ukajua kuna shughuli. Lakini nyumba zetu hutazama njia. Lavington, Kileleshwa na Karen nyumba nyingi zimejificha nyuma ya ukuta mrefu na geti la chuma, na ukipamba paa lote pengine atakayeliona ni mlinzi peke yake. Kwa maoni yangu ni afadhali kupamba baraza na mti mmoja wa mbele, pale watu wanapoketi. Walioko kwenye magorofa ya Kilimani na Westlands wana roshani tu, na roshani yatosha. Taa kali za ulinzi zizimwe kwa dakika zile za picha, kisha ziwashwe tena. Na usithubutu kupitisha taa kwenye fensi ya umeme, hata kama imezimwa. Atakayeiwasha huenda asijue umefanya nini.

Umeme wa Kenya ni volti 240. Shangazi anayerudi kutoka Marekani na katoni ya taa ameleta taa za volti 120, na adapta ya kubadilisha pini haibadilishi volti. Ukizichomeka zitaungua, na pengine pazia nalo liungue. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Angalia pia kama zimeandikwa IP44 au zaidi, maana ya ndani ikilowa nje huvujisha umeme. Viungo vya waya visilale chini kwenye maji, na mkanda wa fundi si kinga ya mvua. Swichi inayokata umeme unapovuja ndiyo itakayomwokoa mtoto aliyeshika waya.

Bili ndiyo inayotisha wengi bila sababu. Uzi wa balbu 100 za LED hula kama wati 6. Wa balbu za zamani, kama wati 40. Nyuzi tano za LED zikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 15 hutumia uniti mbili na robo. Hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30, hiyo haifiki shilingi 70. Za zamani zingekula uniti 15, yaani shilingi 450.

Wanaotaka mapambo makubwa zaidi huenda kwenye maduka ya Westlands au katikati ya jiji. Huko mlinzi akikuzuia kupiga picha mlangoni usibishane naye. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, mtu anayepiga picha milango na kamera za ulinzi hutiliwa shaka. Omba ruhusa, elekeza simu kwenye taa. Mjini, ukiwa kando ya barabara, shika simu kwa mikono miwili, kwani wanyang'anyi nao wana msimu.

Kisha ndiyo kioja chenyewe. Wengi wa waliozitundika taa hizo Krismasi huwa hawapo. Wamekwenda kwao bara, au wako huku kwetu Nyali na Diani wakila samaki. Wenye busara huacha taa kwenye kifaa cha saa, ziwake saa kumi na mbili na kuzimika saa tano. Lakini haohao huitupa picha ya nyumba mtandaoni, namba ya geti ikisomeka, na ya pili yake wakiwa ufukweni. Ya geti ingengoja mpaka warudi.