Ua la Mume Wangu Nililitupa Jalalani

Shosti, kuna wanawake wanaoibiwa waume na wanawake wenzao. Mimi wangu aliibiwa na ua. Cheka tu, ila ungekaa kwenye flati yangu ya Kariakoo mwaka 2021 usingecheka.

Nianzie mbali kidogo. Mume wangu alikuwa mtu wa utalii. Mwaka 2020 wageni walipoacha kuja kwa sababu ya korona, kampuni yake ilipunguza watu na yeye akawemo. Siku aliyokwenda kuchukua vitu vyake, bosi mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimpa chungu cha okidi, maua meupe saba yamejipanga kwenye kijiti kama vipepeo. Mwenzangu akaingia nyumbani na boksi la makaratasi kwapani na lile ua mkononi. Kiinua mgongo kilikuwa kidogo, ua ndilo lilikuwa kubwa.

Sasa flati yetu ni zile unazozijua. Dirisha la sebuleni linatazamana na ukuta wa ghorofa la jirani, saa sita mchana tunawasha taa. Baada ya miezi miwili na kitu maua yakadondoka yote. Hilo ni jambo la kawaida, maua ya aina hii hukaa miezi miwili hadi mitatu halafu mmea unapumzika, lakini mimi nilijuaje? Majani yakakoza kijani mpaka karibu yawe meusi, yakalegea. Mimi nikasema limekufa. Yeye akasema lina njaa ya mwanga.

Akaenda kununua taa. Si taa za kawaida, ni zile za LED zenye nyekundu na bluu ambazo zikiwaka pamoja zinatoa zambarau. Jamani! Usiku dirisha letu likawa linang'aa kama klabu. Wiki haikuisha, dada wa duka la chini akaniuliza kwa sauti ndogo kama shemeji amefungua ofisi ya uganga. Wengine wakasema tunaotesha bangi. Nikamwambia bwana wangu, achague, zambarau au mimi.

Akachagua mimi, nashukuru. Akaweka tyubu mbili za LED nyeupe, za dukani tu, wati 18 kila moja, akazifunga chini ya shelfu ya kabati la sebuleni, kama sentimita 25 juu ya majani. Kumbe mwanga mweupe nao una wekundu na ubluu ndani yake, mmea hauna shida. Kipimo chake kilikuwa mkono: weka kiganja pale majani yalipo, ukisikia joto ujue taa iko karibu mno. Majani yakikoza sana, mwanga hautoshi. Yakianza kuwa na wekundu au kupauka njano, umezidi.

Hapo ndipo vita ya LUKU ilipoanza. Mnunuzi wa umeme nilikuwa mimi, maana mshahara ulibaki mmoja. Kila uniti zikikata nilikuwa naangalia lile kabati kwa jicho baya. Lakini niwe mkweli, LUKU ilikuwa kisingizio. Kilichoniuma ni kwamba mtu huyu kila asubuhi alikaa mbele ya ua dakika ishirini, anageuza chungu, anatazama mizizi, na mimi hanitazami. Nikimwuliza amefikia wapi na maombi ya kazi, ananijibu habari za mizizi. Unaijua ile nyumba ambayo watu hawagombani, lakini hata kijiko kikianguka kinaonekana kimefanya makusudi? Tuliishi hivyo mwaka mzima.

Aprili 2022 mama mkwe akaugua, mume wangu akaenda Bukoba. Kabla ya safari alinibandikia karatasi kwenye friji: maji mara moja kwa wiki, asubuhi, yasituame katikati ya majani, taa ziwake saa kumi na mbili asubuhi, zizime saa kumi na mbili jioni, kwa sababu ua nalo linahitaji giza. "Usihangaike, taima itafanya yenyewe." Nilisoma mara mbili kutafuta mahali alipoandika habari yangu. Hapakuwepo.

Siku ya tatu, natafuta chaja kwenye droo yake, nikakuta risiti. Taa, taima, kifeni kidogo cha kupeperusha hewa. Shilingi 145,000. Tarehe yake ilikuwa mwezi uleule niliokopa ofisini ada ya mtoto.

Nikachomoa plagi. Nikabeba chungu, nikashuka nacho ngazi mpaka kwenye pipa la taka, nikakitupia humo. Kilikuwa cha udongo, kikagonga ukingo kikapasuka. Nikasikia raha. Siwezi kukudanganya, nilisikia raha.

Saa tatu usiku akapiga simu. Mama anaendelea vizuri, ameomba uji. Yeye alikuwa nje, amekaa karibu na vanila za marehemu baba yake. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kuongea. Nilimwacha aongee, maana nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu aachishwe kazi.

"Unajua vanila ni okidi?" akaniuliza. Sikujua. Akanieleza kwamba asili yake ni Meksiko, na huku kwetu maua yake hayana mdudu wa kuyachavusha, lazima mtu afanye kwa mkono. Ua linafunguka asubuhi, siku moja tu, ukichelewa limepita. Njia hiyo ya mkono iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kwa kutumia kijiti. Baba yake alikuwa akimwamsha alfajiri waende shambani kabla ya shule, kila mmoja na kijiti chake, na ndiyo saa pekee mzee yule mkali aliongea naye kama rafiki.

"Alipofariki 2019 nilikuwa na wageni porini, nikafika tumeshazika," akasema. "Sikulia. Niliona nikianza sitaacha. Halafu kazi nayo ikaenda. Lile ua nikiligeuza asubuhi naona kama niko naye."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema kwenye simu ni rahisi, simwoni usoni. Kisha akauliza, "Taa zimezima?"

"Zimezima," nikajibu.

Mwenzangu, nilishuka ngazi na khanga na tochi ya simu. Gari la taka lilikuwa linapita alfajiri. Mlinzi akanimulikia huku nachambua maganda ya ndizi na makaratasi ya chipsi, hakuuliza kitu. Nikalipata chini kabisa. Jani moja limekatika, mizizi nje, lakini kitovu cha katikati kizima.

Usiku ule nilijifunza yote niliyokataa kuyasikia mwaka mzima. Okidi hii kwao, Kusini Mashariki mwa Asia, huishi juu ya miti, mizizi ikiwa hewani, kwa hiyo ukiipanda kwenye udongo wa bustani unaizika. Nikachukua ndoo ya plastiki ya aiskrimu ile inayoona ndani, nikaitoboa matundu chini na pembeni, nikajaza vipande vya makumbi ya nazi na mkaa. Mizizi iliyokuwa laini kama tambi mbovu nikaikata kwa mkasi nilioupitisha kwenye moto. Kidonda cha jani nikapaka mdalasini, na nikaangalia usigusi mizizi maana unaikausha. Nikachomeka plagi.

Uzuri wa ndoo inayoona ndani ni kwamba mizizi inaongea. Ikiwa kijani, imeshiba. Ikiwa ya rangi ya fedha, ina kiu. Ua la aina hii wengi tunaliua kwa maji, siyo kwa kiu. Mbolea nayo ni ile ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili, inatosha.

Halafu nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mapema. Wati 36 kwa saa 12 haifiki nusu uniti kwa siku. Kwa mwezi ni kama uniti 13. AC ya chumbani kwetu, ambayo mimi ndiye siwezi kulala bila hiyo, inazimaliza kwa usiku mbili tatu. Nilinyamaza na aibu yangu.

Aliporudi alisimama mbele ya kabati muda mrefu.

"Umebadilisha chungu."

"Kilivunjika."

"Umeweka makumbi. Ni bora kuliko nilivyoweka mimi." Akaenda kuoga. Kesho yake nikavuta kiti, nikakaa naye zile dakika ishirini. Hatukuongea sana, ila tuliongea, na risiti nikaitoa siku hiyo. Kaomba msamaha wa ada kabla sijamaliza sentensi.

Julai ile, nikiwa namwagilia mimi, nikaona kitu kinachomoza kati ya majani. Mzizi huwa na ncha ya mviringo. Hiki kilikuwa na ncha bapa, kama glavu ya mtoto. Kijiti cha maua! Baadaye nilielewa sababu. Aina hii ikikaa kwenye joto la nyuzi 28 na zaidi muda wote, inatoa majani tu. Inataka wiki kadhaa za ubaridi, na Julai ya Dar ndiyo tuliyonayo, pamoja na dirisha kuachwa wazi usiku. Maua yalifunguka Oktoba, tisa.

Siku ua la kwanza lilipofunguka nilimwambia yote, pipa, raha niliyosikia, khanga na tochi. Nilikuwa nalia. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Mlinzi aliniambia siku ile nilipotoka Bukoba," akasema, "kabla sijapanda hata ngazi."

Miezi yote hiyo alijua. Sasa kabati lina vyungu vitano, na taima naiweka mimi.