IMANI: JINA LA MVULANA AU LA MSICHANA?

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Lakini jina jema ni lipi? Mzazi huchagua kwa siku moja, mtoto akalibeba maisha yake yote. Ndiyo maana leo nataka tulichambue jina moja tu, nalo ni Imani. Wapo wanaolipenda kupindukia, na wapo wanaosema, "La, hilo si la kumpa mtoto!" Hebu tuwasikilize wote.

Kwanza tuanze na asili. Neno imani tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake umetuzalia ukoo mzima wa maneno: amini, amani, amana, uaminifu, na hata Amina, jina la mama yake Mtume Muhammad. Kwa Waislamu, imani ina nguzo 6: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho na kadari. Kwa Wakristo, Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, anaitaja imani pamoja na tumaini na upendo. Kiswahili nacho kikaongeza chake. Ukisema fulani hana imani, waweza kumaanisha kwamba ana roho ngumu na hana huruma. Kwa hivyo jina hili lina dini ndani yake, na utu pia.

Je, ni la mvulana au la msichana? Hapa ndipo maoni yanapogongana. Kiswahili chenyewe hakitusaidii, maana "yeye" ni yeye tu, awe mume au mke. Tunasema "imani yangu imeongezeka" katika ngeli ya I-ZI, lakini "Imani amefika" katika ngeli ya A-WA. Sarufi inatuambia kwamba aliyefika ni mtu, basi! Kule Marekani, Imani ni kanuni ya 7 na ya mwisho ya sherehe ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Waamerika Weusi wengi walilipenda, na huko hupewa wasichana zaidi. Kwetu hapa utakutana na Imani mwenye ndevu na Imani mwenye hereni.

Wanaolipinga nao wana hoja zao. Hoja ya kwanza ni ya mkanganyiko. Mwalimu anayepanga mabweni kwa kusoma orodha peke yake anaweza kumweka mvulana bwenini mwa wasichana. Kicheko hapo hakikosi!

Hoja ya pili ni ya kidini, nayo ni nzito. Wako wanavyuoni wa Kiislamu wasiopenda jina linalomsifu mtu kwa ucha Mungu. Hutukumbusha kwamba Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Barra, yaani mwema, akamwita Zainab, ili watu wasijitakase wenyewe. Tena alikataza watumwa wasipewe majina kama Rabah na Aflah, yenye maana ya faida na kufaulu, kwa sababu mtu akiuliza, "Yupo?" ataambiwa, "Hayupo." Sasa fikiria darasani asubuhi. Mwalimu anaita, "Imani?" Darasa zima linajibu, "Hakuna imani hapa!" Bwana we, si ndiyo mambo yenyewe hayo?

Hoja ya tatu ni ya wazee wa kanisani, wanaodai ati jina la ubatizo sharti litoke kwenye Biblia au kwa mtakatifu. Dai hili lina historia. Enzi za wamisheni, Mwafrika aliyebatizwa alipewa jina kama James au Johnstone. Mwandishi wetu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 akiitwa James Ngugi, na baadaye akaliacha hilo James. Lakini mambo yamebadilika. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Je, imani ni ngeni kwa moyo huo? Haiwezi kuwa!

Maoni yangu ni haya. Tofauti ya Imani na Petro haiko kwenye dini. Petro maana yake ni mwamba, lakini ni nani anayemwambia Petro, "Wewe mwamba, mbona unalia?" Maana yake imejificha katika Kigiriki. Imani maana yake iko wazi. Kila amwitaye anaisikia. Mtoto huyo akiiba penseli, ataambiwa, "Kumbe Imani hana imani!" Mwenzake Petro akiiba, ataitwa mwizi tu. Huo ndio uzito wa jina la dini lililo katika lugha ya watu wote.

Hata hivyo, mimi naliunga mkono. Ni jina ambalo Mwislamu na Mkristo wanaweza kulitamka bila ya mmoja kuhisi kwamba ametengwa, na katika nchi yetu hilo si jambo dogo. Mzazi anayehofia mkanganyiko amwongezee mtoto jina la pili linaloonyesha jinsia, kwa mfano Imani Hamisi au Imani Wanjiku. Tena amweleze mapema kwamba jina hilo ni dua aliyoombewa, wala si cheti cha utakatifu. Dua huombwa kwa kile ambacho bado tunakitafuta. Mtoto akilijua hilo, mzaha wa darasani hautamvunja moyo.

Nasi wanafunzi tuna wajibu wetu. Hakuna aliyejichagulia jina akiwa mchanga. Mwenzetu Imani akikosea, tumkosoe kwa kosa lake, jina tuliache. Kumcheka mtu kwa dua ya mama yake ni ukosefu wa imani, kwa ile maana ya Kiswahili.

Wewe je, msomaji, ungempa mwanao jina hili? Lijadilini chamani. Kwaheri ya kuonana!