Nosferatu: Kutaja jina la mwandishi si kuomba ruhusa



Wiki chache zilizopita kulikuwa maneno kati ya memba wawili wa muungano wetu. Mmoja aliandika hadithi ndefu wakati alikuwa angali mwanafunzi, akaipiga kopi, ikazunguka mu mikono ya watu. Mwingine akaipenda, akakusanya vijana wenye kamera, wakatengeneza filimu ya dakika 40. Mwanzoni mwa filimu waliandika vizuri kabisa kama imetoka kwa hadithi ya ndugu fulani, jina na jina la baba. Wakaionyesha kwenye sale, watu wakalipa mlangoni. Mwenye hadithi alipouliza, akajibiwa: "Lakini jina yako si tuliitaja? Unataka nini tena?"

Wengi wetu waliona kama hilo jibu linatosha. Juu ndivyo tulivyofundishwa: ku TFC na ku memwari, ukitaja mwandishi, kitabu na ukurasa, uko salama. Mimi nataka kuonyesha kama halitoshi, na nitapitia kwa filimu ambayo wengi wetu tumeiangalia ku telefone: Nosferatu ya Robert Eggers, iliyotoka mwezi wa 12 mwaka 2024. Nyuma ya hiyo filimu kuko kesi ya karibu miaka 100, na shida ya ile kesi ni hii yetu: jina lilitajwa, ruhusa haikuombwa.

Kwanza hadithi yenyewe. (Asiyeiona bado na anataka kuiona, aruke hii aya.) Tuko Ujerumani, mwaka 1838, mu mji wa Wisborg. Kijana Thomas Hutter ametoka kuoa, anatafuta kazi ya kudumu. Mkubwa wake, mzee Knock, anamtuma mbali, kwenye milima ya Transylvania, akamtilishe sahihi Konti Orlok kwenye karatasi za kununua nyumba. Hutter anakuta kama huyo Konti ni maiti anayetembea na kunywa damu. Orlok anakuja Wisborg kwa meli, na pamoja naye panya na tauni. Lakini mtu anayemfuata ni Ellen, bibi ya Hutter. Mwisho Ellen anakubali kumshikilia usiku mzima mpaka jua linatoka. Jua linamuua Orlok, na Ellen naye anakufa.

Sasa mwenye amesoma Dracula atasema: hii hadithi ninaijua. Ni kweli. Bram Stoker, Mwairlandi aliyezaliwa Dublin mwaka 1847, alitoa kile kitabu London mwaka 1897. Mule kijana anaitwa Jonathan Harker, anatumwa Transylvania kwa karatasi za nyumba. Mwanamke ni Mina, mnyonya damu ni Konti Dracula, mji anaoshambulia ni London. Badilisha Harker uweke Hutter, toa Mina uweke Ellen, toa Dracula uweke Orlok, toa London uweke Wisborg. Mifupa ni ile ile.

Haya mabadiliko hayakufanywa na Eggers. Yalifanywa mwaka 1921 na kampuni ndogo ya Berlin iliyoitwa Prana-Film. Albin Grau na mwenzake Enrico Dieckmann walikuwa ndio wenye kampuni, Henrik Galeen akaandika senario, F. W. Murnau akaongoza, na mchezaji Max Schreck akawa Orlok. Filimu haikuwa na sauti, ni picha na maandishi tu. Walionyesha Nosferatu Berlin tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 1922.

Watu wengi wanafikiri kama walibadilisha majina ili wafiche mahali walipotoa hadithi. Lakini kama walitaka kuficha, walificha vibaya sana, juu mwanzoni mwa filimu ya Kijerumani waliandika wazi kama imetoka kwa kitabu Dracula cha Bram Stoker. Walimtaja. Kitu ambacho hawakufanya ni kuandika barua London na kuomba.

London kulikuwa mtu wa kuombwa. Stoker alikufa mwaka 1912. Bibi yake, Florence, alibaki mjane asiye na feza nyingi, na kile kitabu kilikuwa moja ya vitu vichache vilivyomletea kitu mezani. Mwaka 1922 akapata barua kutoka Berlin, haina jina la aliyeituma, ndani muko programu ya onyesho la Nosferatu. Ndivyo alivyojua kama hadithi ya bwana yake imekuwa filimu.

Mjane angefanya nini na kampuni iko inchi nyingine, luga nyingine? Alifanya kitu ambacho sisi wa miungano tunapaswa kukikumbuka: aliingia muungano. Kulikuwa London chama cha waandishi. Florence akalipa mchango, akawa memba, chama kikamsaidia kupeleka kesi Ujerumani. Kupitia nguvu yake peke yake hangefika.

Na sheria ilikuwa upande wake. Tangu mwaka 1886 kuko Mkataba wa Berne, ambao inchi zinakubaliana kama mwandishi wa inchi moja analindwa mu inchi nyingine. Uingereza na Ujerumani zilikuwa ndani tangu mwanzo. Mwaka 1908 inchi zilikutana tena kuutengeneza ule mkataba, na hapo waliandika wazi kama mwandishi ndiye anayetoa ruhusa kazi yake ikitaka kugeuzwa filimu. Na mkutano huo ulifanyika wapi? Berlin! Mu mji ule ule wa Prana-Film. Hawangeweza kusema kama hawakujua.

Prana-Film ikafilisika mapema. Nosferatu ndiyo filimu yake ya kwanza na ya mwisho. Florence aliona kama feza haitapatikana, akaomba filimu iharibiwe. Mwaka 1925 tribinali ya Ujerumani ikakubali: kopi zote ziharibiwe. Lakini kopi zingine zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Hizo ndizo ziliokoa filimu. Leo walimu wa sinema wanaifundisha kama moja ya kazi kubwa za wakati wa filimu bila sauti.

Hapa najua mtu ataninyooshea kidole: "Unaona! Kama wangemutii ule mumama, tungekosa filimu nzuri, na Eggers hangepata kitu ya kutengeneza." Nakubali nusu. Kuharibiwa kwake kungekuwa hasara kubwa, na mimi nafurahi kopi zilibaki. Lakini swali la kweli ni hili: kama Prana wangeomba mbele ya kuwasha kamera, kesi ingetoka wapi? Angalieni wale walioomba. Hamilton Deane, mtu wa teatre Uingereza, alipata ruhusa ya Florence, mwaka 1924 akaweka Dracula kwenye jukwaa. Mchezo ule ukafika New York, nyuma yake kampuni Universal ya Marekani ikanunua haki na kutoa filimu Dracula ya mwaka 1931 na Bela Lugosi. Aliyeomba aliendelea, na mjane alipata chake. Aliyetaja jina tu alifunga mlango.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kama kugeuza kitabu kuwa filimu ni wizi. Ni kazi, tena kazi kubwa. Mfano mmoja: wote tunajua kama jua linaua vampiri, sivyo? Mu kitabu cha Stoker si hivyo. Dracula anatembea mchana mu London, nguvu zake tu ndizo zinapunguka. Kifo cha jua kilitoka kwa Nosferatu ya 1922. Leo dunia nzima inafikiri ni kitu cha zamani za mababu! Hicho kipande ni cha Galeen na Murnau, na sheria inatambua kama aliyegeuza kazi ana haki juu ya kile alichoongeza. Lakini haki yake inajengwa juu ya kiwanja cha mwingine. Ukijenga nyumba nzuri kwenye parseli ya jirani, nyumba inaweza kuwa yako, lakini parseli haijawa yako.

Basi Eggers yeye alimwomba nani? Hapa ndipo muda unaingia. Haki ya mwandishi haidumu milele. Uingereza wakati ule ilikuwa maisha yake na miaka 50 nyuma ya kifo. Stoker alikufa 1912, ongeza 50, tunafika 1962. Kisha hapo Dracula ikawa mali ya wote. Ndiyo maana mwaka 1979, Mjerumani Werner Herzog alipotengeneza Nosferatu yake na Klaus Kinski, hakujificha tena nyuma ya Orlok: mnyonya damu wake anaitwa Dracula waziwazi.

Eggers naye alirudia majina ya 1922. Hii hadithi ilikuwa naye tangu ujana: alipokuwa mwanafunzi wa sekondari Marekani, yeye na wenzake waliiweka kwenye jukwaa la masomo. Mu filimu yake anataja wote wawili, Galeen wa senario na Stoker wa kitabu. Angalieni pia mustashi ya Orlok, ambaye ni Bill Skarsgård. Orlok wa Schreck hakuwa na nywele usoni, lakini Dracula wa Stoker alikuwa na mustashi ndefu. Na profesa anayechezwa na Willem Dafoe anaitwa Albin, kama Albin Grau. Kutaja majina namna hiyo ni heshima, na heshima ni kitu kizuri. Lakini ruhusa haikuwa shida tena juu muda wa Stoker umekwisha.

Turudi kwetu. Congo yetu ni memba wa Mkataba wa Berne, na tuko na sheria yetu wenyewe: Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986. Inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 nyuma ya kifo chake. Ndugu yetu mwenye hadithi angali mzima, anakula fufu kama sisi. Piga hesabu mwenyewe.

Ku TFC unachukua mistari michache, unaonyesha fasi ulipoitoa, unaendelea na mawazo yako. Hiyo ni kutaja, na inatosha kwa kazi ya namna ile. Kuchukua hadithi nzima, watu wake, mwanzo na mwisho wake, na kuigeuza filimu, ni kitu kingine. Hapo kutaja ni lazima, lakini ruhusa inatangulia.

Mwingine ataniuliza: na hadithi za wazee je? Wale wa Katanga mumesikia habari za batumbula, watu waliosemekana kukamata wengine usiku wakati wa Wabelgiji. Mwanahistoria Luise White aliziweka pamoja na habari zingine za wanyonya damu za Afrika ya mashariki na kati, mu kitabu chake cha mwaka 2000. Habari kama hizo hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni zake peke yake. Hata mnyonya damu mwenyewe: Stoker hakumvumbua, vijiji vya Ulaya vilimjua zamani. Wazo ni la wote. Kinacholindwa ni vile mtu mmoja alivyolivalisha wazo: maneno yake, watu wake, mpangilio wake. Ukitaka filimu ya batumbula, tunga yako. Ukichukua ya mwenzako aliyekwisha kutunga, mwombe.

Na kuomba si jambo ngumu. Karatasi moja inatosha kuanza: kazi gani, itageuzwa nini (filimu, redio, teatre), kwa muda gani, itaonyeshwa wapi, mwandishi atapata nini, na jina lake litaandikwa namna gani. Sahihi mbili, tarehe, kila mmoja anabaki na kopi. Kama mwandishi amekufa na miaka 50 haijapita, tafuta familia yake. Hata kama mnakubaliana bure, andikeni kama ni bure. Na wewe unayeandika, chunga rasimu zako na tarehe zake. Kwa mambo makubwa kuko SOCODA, shirika la haki za watunzi, na kuko ma-avoka kati yetu hapa hapa.

Juzi wale ndugu wawili wameketi pamoja, na wakubwa wawili wa muungano. Mwenye filimu amekubali kufungua daftari la viingilio. Asilimia bado hawajakubaliana. Lakini safari hii karatasi iko juu ya meza, na filimu ya pili haitaanza mbele ya sahihi.