Zafarani: Kabla ya kununua tunguu, mkulima aujue mmea wenyewe

WAKULIMA wa Nakuru na maeneo mengine ya kati ya Bonde la Ufa si wageni wa kilimo cha maua. Naivasha inasifika ulimwenguni kwa waridi, nazo Molo na Kuresoi zina historia ndefu ya pareto. Ndiyo maana zao jipya la maua likitajwa kuwa na bei ya juu, kama ilivyo zafarani, habari zake husambaa upesi.

Ni kweli kwamba zafarani ni miongoni mwa viungo ghali mno duniani. Lakini kabla ya mkulima kutoa akiba yake kununua tunguu, yaani viazi vidogo vya ardhini ambavyo ndivyo hupandwa, inafaa aelewe mambo mawili: jinsi ya kuutambua mmea huo, na jinsi unavyoishi. Mimea inayofanana nao ni mingi, na mmoja wao una sumu ya kuua.

Kwa jina la kisayansi zafarani ni Crocus sativus. Jenasi ya Crocus ina spishi nyingi, na makao yake ya asili ni Ulaya ya kusini, Asia ya magharibi na kaskazini mwa Afrika. Nyingi huchanua baridi inapoisha, lakini kuna kundi linalochanua majani ya miti yanapopukutika. Humo mna Crocus nudiflorus wa Uhispania na Ufaransa, Crocus banaticus wa Romania na nchi jirani, na zafarani yenyewe ambayo huchanua Oktoba na Novemba.

Hapa ndipo lugha inapoweza kumponza mkulima. Vitabu vingi hutafsiri majira hayo kuwa vuli. Katika Afrika Mashariki vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, ilhali kule kaskazini ni wakati wa hewa kupoa baada ya kiangazi kikali. Anayesikia kwamba zafarani huchanua vuli anaweza kudhani kuwa mvua ndiyo inayoiamsha. Kinachoiamsha hasa ni kushuka kwa joto.

Kuhusu utambuzi, ua la zafarani ni la zambarau lenye petali sita. Ndani yake mna stameni tatu za manjano, na katikati kuna nyuzi tatu nyekundu, ndefu na zenye harufu kali. Nyuzi hizo ndizo kiungo chenyewe. Majani ni membamba kama ya nyasi, na kila jani lina mstari mweupe katikati.

Mmea unaochanganywa nao mara nyingi ni Colchicum autumnale, ambao pia hutoa maua ya zambarau iliyopauka katika majira yaleyale. Njia rahisi ya kuutofautisha ni kuhesabu stameni: Colchicum ina sita, Crocus ina tatu. Aidha, majani ya Colchicum ni mapana, hayana mstari mweupe, na huchipuka miezi kadhaa baada ya maua kunyauka.

Kosa hapo ni la hatari. Colchicum ina kolichisini, kemikali ambayo kwa kipimo kidogo sana hutibu ugonjwa wa jongo, lakini ikizidi huua. Dalili huanza saa kadhaa baada ya kuila, kwa kutapika na kuharisha, kisha moyo, figo na uboho huathirika. Ulaya kumetokea vifo vya watu walioyala majani yake wakidhani ni mboga ya mwituni.

Sumu hiyohiyo ipo pia katika vichaka vya Kenya. Gloriosa superba, mmea unaotambaa wenye maua mekundu na manjano yaliyopinduka kama ndimi za moto, ni wa familia moja na Colchicum. Hauwezi kudhaniwa kuwa zafarani kwa sura, lakini viazi vyake vimewahi kuua watu India na Sri Lanka waliovila wakivifananisha na viazi vya chakula. Anayeuona shambani awakataze watoto kuuchimba.

Jamaa wa kweli wa zafarani hapa nchini ni Romulea, mmea mdogo wa nyanda za juu kama vile milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Ua lake hufanana na la Crocus, lakini majani yake hayana mstari mweupe, wala hautoi kiungo chochote.

Upande wa kilimo, jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba zafarani haina mbegu. Mmea huu ni tasa kwa kuwa una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na huongezeka kwa tunguu mama kuzaa tunguu watoto. Kwa hiyo anayeuza pakiti iliyoandikwa mbegu za zafarani anauza kitu kingine.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Wakati wa kulala, tunguu huhitaji ukavu na joto la nyuzi 23 hadi 27 za Selsiasi kwa muda usiopungua siku 50 hivi ili chipukizi la ua liumbike ndani yake. Kisha joto hupaswa kushuka hadi karibu nyuzi 17 ndipo ua litokeze. Iran, ambayo hutoa sehemu kubwa zaidi ya zafarani ya dunia, hupata mabadiliko hayo kwa kawaida ya majira yake.

Mji wa Nakuru, ulio karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, hauna mabadiliko ya aina hiyo. Joto hutofautiana zaidi kati ya mchana na usiku kuliko kati ya mwezi na mwezi, na mvua hunyesha hata Agosti. Tunguu iliyolala katika udongo uliolowa huoza. Anayetaka kujaribu atalazimika kuzing'oa tunguu, kuzihifadhi kwenye trei ndani ya chumba kikavu chenye joto, kisha kuzihamishia penye ubaridi. Gharama ya kazi hiyo ni lazima ihesabiwe.

Jambo la tatu ni mavuno. Kilo moja ya zafarani kavu huhitaji maua yapatayo 150,000, yanayochumwa kwa mkono alfajiri na kutolewa nyuzi siku hiyohiyo. Mkulima mwenye tunguu 10,000, kila moja ikitoa ua moja, atapata gramu 67 tu. Kabla ya kutazama bei ya kilo, na aitazame hesabu hiyo.

Sheria nayo isisahaulike. Tunguu kutoka nje ya nchi haziruhusiwi kuingia bila kibali cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi zilikotoka. Muuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi hizo aepukwe.

Wakenya wengi wanakumbuka mayai ya kware ya mwaka 2013 na 2014. Walionunua ndege wakati bei imepaa walibaki nao soko lilipoporomoka. Mwenye hamu ya zafarani na aanze na tunguu chache, asubiri zichanue, kisha ahesabu stameni. Zikiwa tatu, anaweza kuendelea kujifunza. Zikiwa sita, azing'oe akiwa amevaa glavu, na asizitupe mahali mifugo au watoto wanapoweza kuzifikia.