Kabla ya kusaga unga wa mtoto, chambua mahindi

Ukishuka kwenye basi pale njia panda ya Chalinze, chakula kipo kila upande: karanga za kukaanga, mahindi ya kuchoma, mananasi ya Kiwangwa. Tukizungumzia saratani, wengi wetu huwaza sigara na pombe. Wachache hukumbuka gunia la mahindi lililopo nyumbani.

Mahindi na karanga zisipokauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka kundi moja na moshi wa tumbaku: vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kiungo kinachoathirika zaidi ni ini.

Mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya kati, ikiwemo Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo kwa wingi. Lakini hata kiasi kidogo, kikiliwa kila siku kwa miaka, huandaa njia ya saratani. Kupika hakuiondoi.

Hapa ndipo unga wa lishe unapotutia wasiwasi. Wazazi wengi huchanganya mahindi na karanga, mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi, kisha mtoto hunywa uji huo asubuhi na jioni. Mahindi yakishasagwa, jicho haliwezi tena kutofautisha nzima na mbovu.

Mzazi, fanya haya:

• Anika mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Mvua ikitishia, yaingize ndani.

• Pima ukavu. Weka mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu.

• Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

• Chambua kabla ya kusaga. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu tupa. Karanga chungu au zilizosinyaa usimpe mtoto.

• Mbovu hizo usiwape ng'ombe wala kuku. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

• Badilisha nafaka. Leo mahindi, kesho ulezi, mtama au mchele. Karanga saga kidogo kidogo, au tumia maharage na dagaa badala yake.

Jambo la mwisho haliko jikoni. Mwenye homa ya ini aina ya B akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi zaidi. Chanjo yake imo katika zile anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi ya kliniki leo. Kama kuna iliyorukwa, nenda kituo cha afya.

Kuchambua debe moja la mahindi kunachosha, ni kweli. Mkalishe mkubwa wake pembeni mchambue pamoja, naye ajifunze.