Mashine Pepe Ikigoma Kuwaka, Usiuamini Mstari wa Mwisho

Anayesakinisha Linux ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu kama VirtualBox, VMware au QEMU ndani ya kompyuta halisi, mara nyingi hukwama hata kabla ya kuulizwa lugha anayoitaka. Skrini inabaki nyeusi, au inajaa maandishi meupe yanayopita mbio kisha yanaganda. Hapo wengi huchagua moja kati ya mambo mawili: kulilaumu faili la ISO na kulipakua upya, au kuingia kwenye mipangilio na kugeuza kila kinachogeuzika mpaka mashine iwake. Yote mawili yana gharama. Faili la Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani linazidi gigabaiti 5, na kwa anayenunua bando Dar es Salaam au Mombasa huo si mzigo wa kushushwa mara mbili. Aliyegeuza mipangilio mingi kwa mkupuo naye, hata akifanikiwa, hajui ni upi uliomtoa, na kesho tatizo likirudi ataanza sifuri. Hoja yangu ni kwamba mashine iliyogoma huwa imeshasema ilipokwama, ila tunaisikiliza vibaya kwa sababu tunaushika mstari wa mwisho kwenye skrini tukidhani ndio chanzo.

Kuwaka kwa Linux ni mbio za kupokezana kijiti. Anayeanza ni BIOS au UEFI ya mashine pepe, ambayo kazi yake ni kutafuta diski yenye kitu cha kuwasha. Ikiipata, humkabidhi GRUB, ile programu yenye menyu ya kuchagua usakinishe au ujaribu kwanza. GRUB hupakia kumbukumbuni vitu viwili: kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo, na furushi la mafaili liitwalo initramfs. Kerneli huamsha vifaa, hulifungua furushi, kisha huanzisha programu ya kwanza kabisa, init, ambayo siku hizi kwa kawaida ni systemd. Hiyo ndiyo inayomwita kisakinishi. Ukilijua hili, kila ujumbe unakuwa ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: aliyeuandika amekwama, na waliomtangulia wamemaliza kazi yao. Ukiona «No bootable medium found», kijiti hakijaondoka mkononi mwa BIOS, basi angalia kama ISO imechomekwa kwenye kiendeshi pepe na kama kiendeshi hicho kimo kwenye mpangilio wa kuwasha. Ukiambiwa «VT-x is disabled in the BIOS», mbio zenyewe hazijaanza. Hapo ni kompyuta halisi iliyofungiwa uwezo wa kuendesha mashine pepe, na dawa iko kwenye mipangilio yake, wala hakuna ISO itakayoliponya hilo. Kinyume chake, kerneli ikishaanza kuandika mistari yake, kuhangaika na mpangilio wa kuwasha ni kupoteza muda.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi mstari wa mwisho unavyopotosha ulijitokeza kwa Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka Mei 2022, na pia kwa ndugu zake AlmaLinux 9, Rocky Linux 9 na CentOS Stream 9. Watu walitengeneza mashine pepe kama walivyozoea, menyu ya kuwasha ikatokea, kerneli ikaanza vizuri, kisha yote yakaishia kwenye «Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00». Anayesoma mstari huo peke yake ataamini kwamba kerneli ni mbovu au faili limeharibika. Lakini ukipandisha macho kidogo unakuta mstari mwingine, mfupi, usio na vitisho: «Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2». Huo ndio chanzo. Mwaka 2020 AMD, Intel, Red Hat na SUSE walikubaliana kuzigawa prosesa za biti 64 katika ngazi, na ngazi ya pili hudai amri kama SSE4.2 na POPCNT, ambazo Intel wameziweka kwenye prosesa zao tangu kizazi cha Nehalem cha 2008. Toleo la 9 la Red Hat limetengenezwa kwa ngazi hiyo. Kerneli yenyewe haikuidai, ndiyo maana ilianza bila shida. Glibc, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea, ndiyo iliyokataa pale init ilipotaka kuanza. Init ikajitoa, na kerneli isiyo na init haina la kufanya ila kusimama.

Hata ile namba ya mwisho, ambayo wengi huiruka, inathibitisha hivyo. Katika 0x00007f00, sehemu ya 7f ni 127, hesabu ambayo programu huiacha inapotoka kwa hiari yake, na 00 inayofuata inasema hakuna ishara ya kuiua iliyotumwa. Kama init ingeanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake, tungeona 0x0000000b, yaani ishara namba 11. Kwa hiyo neno «kill» lililomo kwenye ujumbe lisimtishe mtu: hakuna aliyeiua init.

Linalosumbua zaidi ni kwamba kompyuta nyingi zilizotoa ujumbe huo zilikuwa na prosesa za kisasa zenye uwezo wote uliotakiwa. QEMU, na Proxmox iliyojengwa juu yake, zilikuwa zikiionyesha mashine pepe prosesa ya kufikirika ya zamani, qemu64 au kvm64, ili mashine iweze kuhamishwa kwenye kompyuta yoyote. Mgeni, yaani mashine pepe, aliona prosesa duni kwa sababu mwenyeji, yaani kompyuta halisi, alimficha ile halisi. Kuanzia toleo la 8 la mwaka 2023, Proxmox ilibadili chaguo la awali likawa x86-64-v2-AES. Kwenye matoleo ya nyuma, kuchagua aina ya prosesa iitwayo «host» kulitosha. Badiliko moja tu, na ISO ni ileile.

Kuna pingamizi la haki hapa: mashine pepe haina gharama, kwa nini mtu asiifute na kuunda nyingine? Jibu liko kwenye mfano huohuo. Mashine mpya huundwa kwa mipangilio ileile ya awali, na kvm64 ingerudi kila mara. Hali ni hiyohiyo kwa kumbukumbu. Ukiipa mashine RAM kidogo mno, kerneli inaweza kushindwa kulifungua furushi la initramfs, iandike «Initramfs unpacking failed», iendelee hatua chache, halafu isimame kwa «VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)». Anayeusoma mstari wa mwisho ataifuta diski na kuunda nyingine, kubwa zaidi, ilhali diski haikuwa na kosa lolote. Zile sifuri mbili zinasema kerneli haikuwa na kifaa chochote cha kuanzia, kwa kuwa furushi ambalo lingeiongoza halikufunguka. Kuongeza RAM ni kazi ya dakika moja, ila lazima kwanza uone mistari ya juu.

Wengine watasema skrini yao haina mstari wowote, ni nyeusi tupu. Mara nyingi mistari ipo, imefichwa. Distro nyingi huiwasha kerneli kwa neno «quiet», na jamii ya Red Hat huongeza «rhgb», ili mtumiaji asione maandishi. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, yafute maneno hayo kwenye mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl na X. Kama maandishi yanapita kasi kuliko macho, ongeza console=ttyS0 na uipe mashine bandari pepe ya siriali inayoandika kwenye faili; utayasoma kwa utulivu, hata kuyatafuta kwa grep. Huku ndiko mashine pepe inakoizidi kompyuta halisi, na nasikitika kuona jinsi nafasi hii inavyotumika kwa nadra. Nomodeset, ambayo husambazwa kama dawa ya kila ugonjwa, inahusu hatua moja tu: huizuia kerneli isibadili hali ya skrini kupitia dereva wa michoro. Ikikusaidia, umejua kwamba tatizo lilikuwa la picha. Kwa init iliyokosa amri za prosesa haina msaada wowote.

Na ISO mbovu je? Zipo, hasa pale mtandao unapokatikakatika. Lakini hilo hupimwa, halikisiwi. Amri ya sha256sum hutoa alama ya faili lako ndani ya muda mfupi. Ilinganishe na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Zikilingana, achana na ISO moja kwa moja na uutafute ubovu kwingine. Zikitofautiana, hapo bando lako lina sababu ya kutumika.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wasimamizi wa seva: «host» huifunga mashine kwenye aina moja ya prosesa, na kuihamisha ikiwa inaendelea kufanya kazi kwenda kwenye kompyuta tofauti kunaweza kuiangusha. Ni kweli, na kwao chaguo bora ni ngazi inayopatikana kwenye prosesa iliyo dhaifu kuliko zote katika kundi lao. Kwa anayejifunza kwa kompyuta ya mtumba, shida inaweza kuwa ya kweli kabisa: Core 2 Duo haina SSE4.2 wala POPCNT, na hakuna mpangilio wa kuipa. Huyo aende kwa Debian 12, ambayo bado inakubali ngazi ya kwanza. Mwenye prosesa ya ngazi ya pili naye ajue kwamba Red Hat 10, iliyotoka 2025, inadai ngazi ya tatu, ingawa AlmaLinux 10 wametoa pia toleo la ngazi ya pili. Kabla ya kupakua chochote, kwenye kompyuta mwenyeji yenye Linux iliyo na glibc 2.33 au zaidi, amri ya /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help itaorodhesha ngazi ambazo prosesa yako inazifikia.