Herufi moja kati ya pombe na sumu
Andika CCO. Hapo umeandika ethanoli, ile pombe yenyewe. Sasa futa C moja ibaki CO. Hiyo ni methanoli, sumu iliyoua zaidi ya watu 100 kule Mukuru, si mbali na Mbotela, Novemba 2000. Herufi moja tu, buda! (Usichanganye na CO ya shuleni, ile gesi ya jiko la makaa.)

Mwandiko huu unaitwa SMILES, na kompyuta huusoma. Programu ya RDKit ni ya bure. Ifungue kwenye Google Colab, hata ukiwa saiba pale Jogoo Road. Ila jifunze Python kwanza, usiruke.

Mwaka 2020 watafiti wa MIT waliifunza mashine kwa molekuli zaidi ya 2,000. Ikawachagulia halicin, iliyowahi kuchunguzwa kama dawa ya kisukari, nayo ikaua bakteria sugu kwenye panya. Mashine hukisia tu. Maabara ndiyo huamua, na maabara mtaani hatuna.

Mwaka huohuo ilitoka hifadhidata ya kemikali za mimea ya Afrika Mashariki, zaidi ya 1,800. Anza na hizo. Iulize mashine ni zipi zinafanana na dawa za malaria.